Mabakuli ya Maji Katika Nyumba ya Monty Vale

Msanifu aliyeichora nyumba ya Monty Vale mwaka 1957 alikuwa na hakika ya mambo mawili: kwamba mvua hainyeshi Palm Springs, mji wa jangwani, na kwamba nyumba ya kisasa haihitaji mtumishi. Kwa hakika ile ya kwanza aliiezeka nyumba kwa paa bapa, jembamba kama sinia, lililotanda juu ya kuta za vioo kana kwamba limetua hapo kupumzika tu na kesho litaendelea na safari. Kwa hakika ile ya pili hakuweka kabati la ufagio. Eulalia Montoya, aliyeifagia nyumba hiyo kwa miaka thelathini na mitano, aliuweka ufagio wake nyuma ya kabati la santuri.

Mara moja msanifu alirudi, akiwa na mpiga picha wa jarida. Aliukuta ufagio, akautazama kama mtu aliyekuta kofia asiyoijua kwenye kitanda cha mkewe, akautoa nje hadi kwenye banda la gari. Eulalia alisubiri gari la msanifu lipinde kona.

"Amekasirika?" Monty Vale akauliza kutoka kwenye kochi, macho yamefumbwa.

"Hapana, Bwana Vale. Ameutoa nje tu."

"Urudishe basi, usije ukachomwa na jua."

"Umesharudi."

"Haya," akasema Monty Vale, na hayo ndiyo yakawa mazungumzo yao marefu kuliko yote kuhusu usanifu wa majengo.

Eulalia alizaliwa huko chini bondeni, Indio, kwenye mashamba ya mitende. Baba yake alikuwa mpandaji: alishinda juu ya ngazi akivivisha vishada vya tende mifuko ya karatasi ili visiharibiwe na ndege wala na ile mvua isiyonyesha. Mali yake kubwa ilikuwa gitaa, na gitaa hilo lililala chini ya kitanda likiwa na bakuli la maji ubavuni. Watoto walikatazwa kuligusa gitaa. Bakuli walikatazwa hata kulisogelea. "Mbao ikikaukiwa inapasuka," baba alisema, "na mimi siimbi vizuri kiasi cha kuimba bila gitaa." Eulalia alikua akiamini kwamba kila kitu cha mbao duniani kina kiu, na kwa kuwa hajawahi kuishi penginepo, hakuna aliyemwonyesha kwamba kuna nchi ambako mbao hulia machozi kwa kushiba.

Aliajiriwa kwa Monty Vale mwaka wa pili wa nyumba ile. Monty Vale alikuwa mwimbaji wa nyimbo za taratibu, mwenye kipindi cha televisheni kila Krismasi, akiwa na sweta jekundu na theluji ya pamba. Nchi nzima ilimjua kwa sweta hilo. Bondeni alijulikana kama mtu anayekwenda dukani kwa ndala.

Wageni hudhani nyota huishi Palm Springs. Nyota hupitisha hapo baridi. Ukiingia mwezi wa Mei, joto likianza kupanda kuelekea nyuzi arobaini na tano, wenye majumba huondoka kwa pamoja kama watu waliosikia king'ora, na majumba hubaki na watunzaji wake hadi Oktoba. Kazi ya mtunzaji si kuzuia wezi. Mwizi mwenye akili naye yuko San Diego anapunga upepo. Kazi ni kuzuia ukavu. Choo kisipovutwa maji kwa wiki kadhaa, maji ya kwenye kiko chake, lile bomba lililopinda, hukauka, na harufu ya mtaa mzima hupanda ndani. Kwa hiyo kila kiangazi, katika mitaa ya watu maarufu kuliko wote Marekani, wanawake wenye funguo nyingi walipita nyumba hadi nyumba wakivuta vyoo vya nyota. Eulalia hakuona ajabu. Mtu fulani lazima avute.

Kiangazi chake cha kwanza, adhuhuri moja ya Julai akiwa peke yake, sebule ilipiga mlio kama bunduki. Alijitupa nyuma ya kaunta ya vinywaji akasali sala mbili, moja ya kufa na moja ya tahadhari endapo hatakufa. Alipochungulia, hakuona mtu. Aliona ukuta. Huo ulikuwa ukuta wa mbao za mti wa jozi, uliotoka mwanzo hadi mwisho wa sebule, wa rangi ya kahawa iliyotiwa asali, na Monty Vale aliupenda kuliko wake zake watatu, ambao baadaye waliondoka mmoja baada ya mwingine huku ukuta ukibaki. Sasa ulikuwa na ufa, urefu wa kidole.

Eulalia aliingia jikoni akatoa mabakuli yote.

Oktoba Monty Vale aliporudi, aliyakuta yamejipanga chini ya ukuta, mengine vyumbani, moja kubwa la buluu chini ya piano.

"Tumenunua mbwa?" akauliza.

"Hapana, Bwana Vale. Ukuta una kiu."

Alichuchumaa, akautazama ufa, akalitazama bakuli lililokuwa karibu na ufa, ambalo maji yake yalikuwa yamepungua nusu.

"Unakunywa kiasi gani?"

"Kuliko sisi. Kushinda wageni wako sijui."

Monty Vale alicheka hadi akakaa sakafuni, kwenye terazo yake ya bei mbaya. Kuanzia siku hiyo alimwita Bi Montoya, na hakuwahi kumwita vingine, hata mbele ya watu walioitwa kwa majina ya kwanza na dunia nzima.

Kama ni mambo ya kumshukuru, Eulalia alikuwa nayo. Mama yake alipofariki, Monty Vale alimwendesha mwenyewe hadi Indio, kwa ndala zake, na badala ya kumshusha na kugeuza gari, aliingia. Nyumba ilijaa wanawake ambao kila Krismasi walikuwa wakimlilia kwenye televisheni. Hakuna aliyemtazama mara mbili, maana kulikuwa na msiba na kulikuwa na watu wa kulishwa. Shangazi mmoja alimpa rundo la maganda ya mahindi ayaloweke na kuyatenganisha kwa ajili ya tamale, unga wa mahindi unaofungwa na kupikwa ndani ya maganda hayo. Aliyatenganisha mchana kutwa. Njiani kurudi alisema, "Bi Montoya, hiyo ni mara ya kwanza tangu nikiwa kijana watu kunipa kazi bila kuniambia niimbe."

Tena kulikuwa na yale matofali. Upande wa barabarani nyumba ilijificha nyuma ya ukuta wa matofali ya matundu, kila tofali kama ua lililokatwa kwa saruji, na jua la asubuhi lilipopita humo lilitandika sakafu kwa kitambaa cha vivuli. Ukuta ulipofupishwa ili gari refu zaidi liweze kuingia, Monty Vale alimwona mume wa Eulalia, Fermín, akiyatazama matofali yaliyong'olewa kwa jicho ambalo wanaume huwatazamia ng'ombe wa watu. Fermín alikuwa mpogoaji wa mitende. Alikuja kumchukua mkewe akiwa na gari la mizigo, na aliondoka gari limeshuka hadi linakwangua barabara. Hadi leo nyumba ya akina Montoya kule Cathedral City ina uso wa nyota wa sinema na mwili wa kibanda cha mpogoaji, na Fermín hakuna kitu anachojivunia zaidi, watoto wake wakiwemo.

Monty Vale alifariki Machi 1993, nyumbani, kitanda chake kikiwa kimehamishiwa sebuleni ili autazame ukuta.

"Kiangazi hiki usiache kuunywesha, Bi Montoya," alimwambia siku moja kabla.

"Niliwahi kuacha?"

"Hapana. Nilitaka tu kusema kitu."

Urithi ulikwenda kwa mpwa wake aliyeitwa Warren, mtu wa Chicago, ambaye alikuwa hajawahi kufika na hakuwa na nia ya kuanza. Kwa simu aliagiza umeme ukatwe, vitu vifunikwe mashuka, na mali iuzwe. Maji tu hayakukatwa, kwa sababu dalali alimweleza kwamba bustani ikifa na bei hufa.

Dalali huyo aliitwa Skip Lundeen, mwana wa bonde lile, mwenye meno meupe na viatu vyeupe. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tu amezoea kuona ardhi kupitia nyumba, kama daktari aonavyo mifupa kupitia shati.

"Bi Eulalia, mama yangu, nikwambie ukweli," alisema siku anachukua nakala ya ufunguo. "Nyumba za namna hii zimepitwa. Watu siku hizi wanataka matao, wanataka vigae vyekundu, wanataka chemchemi yenye malaika. Nina bwana mmoja wa viwanja vya gofu, yuko tayari."

"Anaipenda nyumba?"

"Anapenda kiwanja. Nyumba ataisukuma na tingatinga, asubuhi moja tu." Kisha, alipouona uso wake: "Warren amempa hadi mwisho wa Oktoba. Akitokea kabla ya hapo mtu anayeitaka nyumba ikiwa imesimama, sawa, nitamuuzia huyo. Lakini nani ananunua Palm Springs kiangazi? Na kiangazi bila kiyoyozi, mama, huo ukuta wenu utakuwa kuni kabla ya Agosti. Utakuwa umemrahisishia kazi mwenye tingatinga."

Kazi ya Eulalia ilikuwa imekwisha rasmi. Basi akaendelea nayo bila rasmi. Kiangazi kizima alifika mapema, jua likiwa bado nyuma ya milima ya mashariki, akafungua, na hewa ya ndani ikampiga usoni kama ya mdomo wa tanuri. Akavuta vyoo. Akajaza mabakuli, na yalipozidiwa akaongeza masufuria, na masufuria yalipozidiwa akaleta makarai ya nyumbani kwake. Akautembezea ukuta kiganja mwanzo hadi mwisho, kama mtu anayempapasa farasi, akisikiliza.

"Unamnywesha marehemu sasa?" Fermín alimtania, huku yeye mwenyewe akibeba ndoo mbili.

"Wewe nakunywesha nyumbani kila siku, na huna hata ukuta."

"Sina ukuta? Mimi? Nenda kaangalie barabarani kwangu!"

Agosti ilipita. Mbao zilinung'unika, zikagongagonga, hazikupasuka. Septemba ilipita. Oktoba ikafika karibu na kwisha, na bwana wa gofu akapanga kuja Ijumaa na kalamu yake. Jumatano Skip alipiga simu: kuna ndugu wawili, dada na kaka, watu wazima, kutoka Astoria, kule Oregon kaskazini. Wanakuja kesho. Wanataka nyumba ya zamani.

"Ifanye ing'ae, mama yangu," alisema. "Na uniombee."

Eulalia aliifanya ing'ae. Alivuta mashuka, akaosha vioo hadi ndege mmoja akajigonga, akasugua terazo, akayajaza mabakuli yote maji mapya, safi, hadi ukingoni. Yale aliyasugua kwa bidii kuliko vyote. Mtu yeyote mwenye macho, aliwaza, akiona bakuli la maji katika kila chumba atajua mara moja kwamba nyumba hii ilikuwa na mwenyewe. Ndivyo yeyote wa bonde lile angefikiri. Skip mwenyewe alikuwa ameyapita kiangazi kizima, na alipowahi kufika asubuhi ya Alhamisi aliyapita tena, macho yake yakiwa kwenye dari.

Wageni walifika. Marit Solheim alikuwa mwalimu wa kwaya aliyestaafu, mrefu, mwenye koti la mvua mkononi chini ya anga isiyo na hata uzi wa wingu. Kaka yake Nils alikuwa daktari wa meno, naye amestaafu, ingawa macho yalikuwa bado kazini.

"Tazameni huo mlima," Skip akaanza, akifungua mikono mbele ya ukuta wa kioo. "Mlima umo ndani ya bei!"

Marit alisimama katikati ya sebule akaweka kiganja mdomoni. Nje bwawa la kuogelea lilikuwa kimya, nyuma yake mlima umepanda moja kwa moja kutoka kwenye uzio kama umeitwa. Paa lilipita juu yao na kutoka nje bila kugusa chochote.

"Hapa ndipo alipokuwa akikaa," alisema taratibu. "Nils, kila Krismasi tulidhani ana theluji."

"Marit," akasema Nils.

"Ngoja kidogo."

"Marit, tazama chini."

Akatazama chini. Bakuli. Akageuka: sufuria. Kando ya ukuta wa jozi, mstari mzima. Nils tayari alikuwa amechungulia korido na kurudi.

"Kila chumba. Mpaka msalani kuna karai." Aliliinulia dari macho, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuona picha ya eksirei. "Paa bapa. Nilikwambia tukiwa kwenye ndege. Sikukwambia?"

"Ulinambia."

"Hayo?" Skip akacheka kicheko cha biashara, akayaona mabakuli kwa mara ya kwanza maishani mwake, na kicheko kikamfia. "Hayo ni... ni utaratibu wa huku."

"Ni maji ya ukuta," Eulalia akasema kutoka mlangoni mwa jiko. "Ukuta una kiu."

Nils alimtazama kwa upole mwingi. Kisha akamgeukia dada yake. "Twende zetu, kabla bibi huyu hajatwambia sufuria inaumwa kichwa."

"Nils, adabu!" Marit alimwendea Eulalia. "Utusamehe, dada yangu. Kwetu Astoria mvua haina likizo. Na kwetu bakuli sakafuni lina maana moja tu."

"Na kwetu lina maana moja tu," Eulalia akajibu. "Ila siyo hiyo."

"Paa hili limewahi kupimwa?" Nils akamuuliza Skip. "Na mvua, namaanisha. Ya kweli."

"Bwana Solheim, Palm Springs mvua hainyeshi!"

"Hilo ndilo ninalolisema."

Wakatoka. Skip alibaki nyuma nukta moja, uso umemwiva. "Ungeyatoa!" akamnong'oneza. "Mama yangu, ungeyatoa!"

"Na wewe ungenambia!"

Wakatazamana, watu wawili wa jangwani ambao hakuna hata mmoja wao aliyewahi kufikiria kwamba maji yanaweza kuingia nyumbani bila kualikwa. Skip akatikisa kichwa, akaenda zake kuokoa alichoweza.

Eulalia akasimama peke yake na ukuta. Kesho ni Ijumaa. Aliona tingatinga, aliona zile mbao alizozilea kuliko wanawe zimerundikwa kama magogo, na aliona kwamba aliyezifikisha hapo ni yeye, kwa mabakuli yake yaliyong'aa. Akatoka mbio kwa mlango wa jikoni hadi kwa jirani, ambako msumeno ulikuwa ukilia angani.

"Fermín! Shuka!"

"Niko juu ya mtende, bibie!"

"Ndiyo maana nasema shuka!"

Aliwawahi wageni kwenye gari, Nils ameshakaa, mkanda umefungwa.

"Bwana," akasema, akihema, "ninyi ni watu wa mvua. Kunyweni kahawa yangu. Kabla haijapoa nitawaletea mvua, mkae chini ya paa hilo, mwone wenyewe."

"Itatoka wapi?" Nils akauliza.

"Kwa mume wangu."

Nils alimtazama dada yake, na dada yake tayari alikuwa amefungua mlango. "Mimi nitakaa katikati," Nils akasema akijifungua mkanda. "Nikilowa, suti anaifua dalali."

Kwa hiyo waliketi, wote wanne, kwenye kochi la Monty Vale, wakiwa na kahawa ya chupa na chapati za maharage ambazo zilikuwa chakula cha mchana cha Fermín. Juu yao Fermín mwenyewe alitembea huku na huku kwenye kokoto za paa, akiburuta mpira wa maji. Matundu ya kutolea maji aliyaziba kwa fulana zake mbili na soksi. Mwanzoni kulisikika mchirizi tu. Kisha mvumo, kama watu wengi wanaozungumza chumba cha pili. Skip, aliyekwisha kuwaeleza wageni habari za bwana wa gofu na tingatinga lake, alitafuna bila kumeza.

Ndipo maji yakafika ukingoni. Hayakudondoka, yalishuka yote kwa pamoja, urefu mzima wa nyumba, pazia moja mbele ya ukuta wa kioo, na jua likiwa nyuma yake. Mlima ukayeyuka. Bwawa likayeyuka. Vivuli vya maji vikaanza kutembea juu ya ukuta wa jozi, juu ya piano, juu ya mikono yao. Eulalia, aliyekuwa ameyaona yote ambayo nyumba ile inaweza kufanya, hakuwahi kuliona hilo. Mvua za Januari zilizowahi kupita zilikuja na upepo na hasira, zikaondoka zikiacha tope.

"Nahama ili niikimbie hii," akasema Marit, karibu kwa kunong'ona. "Sasa ona."

Hakuna tone lililoanguka ndani. Nils aliinua uso dakika nzima akingoja, kwa haki kabisa. Skip akaanza kumeza.

Tii.

Sauti ndogo, safi. Wote wanne wakageuka. Katika bakuli la buluu chini ya ubavu wa piano maji yalikuwa yakitengeneza duara.

Tii, tena.

Skip akafumba macho. Eulalia akaweka kikombe chake chini polepole sana.

"Fermín!" akapaza sauti. "Funga!"

"Mmesema nijaze, nimejaza!" ikajibu sauti ya juu. "Mvua ya Mungu haizibi matundu kwa soksi!"

Nils alikuwa amesimama. Alikwenda hadi kwenye piano, akatazama juu, akatazama chini, akalizunguka bakuli. Tone la tatu likashuka mbele ya pua yake, likaingia katikati kabisa.

"Bakuli hili," akasema, "limewekwa hapa lini?"

"Mwaka elfu moja mia tisa hamsini na nane," Eulalia akajibu. Hapakuwa na sababu ya kusema lingine. "Kwa ajili ya piano."

"Na tone?"

"Tone limelikuta."

Nils aliuendea ukuta. Akautembezea kiganja mwanzo hadi mwisho, taratibu, bila kuruka ubao, hadi vidole vyake vikasimama.

"Na ufa huu?"

"Huo ni wa kiangazi cha kwanza. Kabla sijaanza."

"Mwingine uko wapi?"

"Hakuna mwingine, bwana."

Alirudi ubao mmoja mmoja kuhakikisha. Kisha akamgeukia dada yake, na kwa mara ya kwanza siku hiyo sauti yake ilikuwa ya mtu asiyetafuta ubaya.

"Marit, maisha yangu yote nimewaambia watu wasafishe meno yao, hakuna anayesikia. Huyu ametunza mdomo mmoja miaka thelathini na mitano, na umetoboka jino moja tu, nalo lilitoboka kabla hajaanza." Akalitazama bakuli. "Na sisi tumeishi miaka sitini chini ya mapaa yanayovuja. Mama aliwahi kuliwahi tone hata mara moja?"

"Kamwe," Marit akasema. "Tulikuwa tunalifukuza na ndoo." Alianza kucheka, na kicheko kikamgeukia machoni. "Skip, mwambie huyo bwana wa gofu asije kesho."

Walipokwisha kuondoka, Skip akiwa ameendesha nyuma yao huku akipiga honi kama bwana harusi, Fermín alizibua matundu, na paa likashusha pumzi. Aliingia amelowa hadi nyusi, akauliza chakula chake kiko wapi. Kimeliwa, akaambiwa, na daktari.

Eulalia alikaa peke yake muda mfupi kwenye terazo, mahali pale pale alipowahi kuketi mtu akicheka. Alishukuru. Alimshukuru Mungu, akamshukuru Bikira, akamshukuru baba yake na gitaa lake, na Monty Vale kwa maganda ya mahindi, kwa matofali, na kwa kutaka tu kusema kitu. Aliwashukuru watu wa mvua. Kwa kuwa ulikuwa unabaki ukarimu kidogo, alimshukuru na msanifu, aliyekosea mawili tu na mengine yote akapatia. Kisha akaenda kuyajaza mabakuli, kwa sababu Oktoba bado ni kavu.

Marit Solheim ni mwanamke mwenye moyo. Wiki ya pili tu ya kuhamia, aliuliza ufagio unakaa wapi, akaonyeshwa, akaona haya kwa niaba ya kila mtu aliyehusika. Fundi seremala akaitwa, akachonga jikoni kabati zuri la ufagio, la mbao za jozi, likilingana na ukuta mshipa kwa mshipa. Eulalia alishukuru kwa dhati. Humo anaweka mabakuli. Ufagio uko nyuma ya kabati la santuri.